Namna ya kutunga shairi la tanzia na kulisoma msibani: mwongozo kamili

Simu ya namna hii hulia usiku. Sauti imekauka: "Ndugu yangu, tumefiwa na Bibi. Mazishi kesho baada ya alasiri. Tunakuomba utuandalie beti mbili tatu." Simu ikikatwa, una usiku mmoja, kalamu, na ukoo mzima unaokutegemea useme jambo ambalo wao hawawezi kulisema kwa kuwa koo zimewajaa. Nimepokea simu hizo kwa miaka mingi hapa Tanga. Ninayoandika hapa ni namna ninavyoifanya kazi hiyo, kuanzia simu hadi karatasi inapokabidhiwa kwa wafiwa.

Kwanza majina, maana watu huyachanganya. Tanzia kwa asili ni taarifa ya kifo, na shairi linalotungwa kwa ajili ya kifo limerithi jina hilo. Mbolezi ni wimbo wa kuomboleza, unaoimbwa na watu wengi pamoja, mara nyingi bila mtunzi anayejulikana. Rambirambi ni salamu za pole, pamoja na kile kinachotiwa mkononi mwa mfiwa. Wenye mazoea ya Kiarabu husema marthiya. Shairi tutakalotunga hapa lina kitu kutoka kila upande: linatoa habari, linaombolezeka kwa sauti ya wengi, na linatoa pole.

Hatua ya kwanza: jua unachoombwa

Anayekupigia hakuombi uonyeshe ufundi. Anataka marehemu wake asimame tena mbele ya watu kwa dakika tatu, halafu aagwe. Ndiyo maana shairi la tanzia lililojaa "pengo lisilozibika" na "mti mkubwa umeanguka" halimfikishi popote: maneno hayo yangemfaa waziri, yangemfaa mpiga debe, yangemfaa mtu yeyote, kwa hiyo hayamfai huyu.

Mabingwa wetu walilijua hilo zamani. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, aliyetunga shairi refu la Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, alikuwa analilia mji mzima wa Pate, kule visiwa vya Lamu, ulioanguka. Hakutosheka kusema kuwa Pate imekwisha. Anakuingiza ndani ya nyumba za matajiri, anakuonyesha madaka ya ukutani yaliyokuwa yakipangwa vyombo, na ndani yake sasa wamelala makinda ya ndege. Bundi anakoroma chumbani. Huzuni unaipata kwa kutazama. Mwana Kupona binti Msham, naye wa Pate, mwaka 1858 alitunga utenzi wake akiwa mgonjwa, akimwachia wosia bintiye; kifo kimesimama mlangoni mwa kila ubeti, ila yeye anazungumza na mtoto. Na Shaaban Robert, mtu wa Tanga hii hii, alipofiwa na mkewe alilianza shairi kwa jina lake, "Amina", akasema naye kama aliye mbele yake.

Kwa hiyo kuna njia tatu: onyesha kitu kilichobaki kitupu, zungumza na mtu, mwite. Sisi tutatumia zote.

Hatua ya pili: uliza kabla ya kutunga

Usianze na vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana. Anza na maswali, na uwaulize watu wawili au watatu, si mmoja. Niliwahi kutegemea habari za jirani peke yake, nikamwita marehemu "mtoto wa pekee" wa babaye. Ndugu yake wa mama mwingine alikuwa ameketi chini ya turubai, mstari wa pili. Aliinuka akatoka, na shairi lote likafia pale. Siku hizi sitii kalamu wino kabla ya kumpata mzee mmoja wa upande wa baba na mmoja wa upande wa mama.

Naulizia mambo ya mkono na macho: aliamka saa ngapi? Alikuwa akikaa wapi jioni? Neno gani alikuwa akilisema hadi watoto wakaliiga? Kitu gani ndani ya nyumba hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa? Ukipata majibu matatu ya namna hii, shairi unalo tayari. Kisha thibitisha jina kamili, watoto kwa idadi, na ni nani aitwe kwa cheo gani: shangazi, mjomba, somo, wakwe. Uliza pia watu wake wanasema "marehemu" au "hayati". Marehemu ni aliyerehemiwa, na hutumika kwa kila mtu. Hayati watu wengi huwatunzia viongozi na wenye sifa kubwa, na baadhi ya familia hawaipendi.

Sababu ya kifo iache. Deni, ugomvi wa shamba, ndoa iliyovunjika, hayo usiyaguse hata kwa fumbo. Msibani kila fumbo hufumbuliwa.

Hatua ya tatu: chagua umbo

Una mambo mawili ya kuchagua kati yake. Utenzi una vipande vifupi vya mizani nane, yaani silabi nane, vinne kwa ubeti; vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne kina kina kinachorudi katika utenzi wote. Ni mzuri kwa kusimulia maisha marefu, na unafaa zaidi siku ya arobaini, watu wanapokuwa na nafasi ya kusikiliza.

Kwa siku za msiba mimi hutumia tarbia: mishororo, yaani mistari, minne, kila mmoja una mizani 16, nane upande wa ukwapi, nusu ya kwanza, na nane upande wa utao, nusu ya pili, wenye vina vya kati na vya mwisho. Mshororo wa nne ni kibwagizo, unaorudi kila ubeti. Sababu yangu ni hicho kibwagizo. Wafiwa hawana nguvu ya kusikiliza maneno mapya kila mara, lakini mshororo unaorudi wanaweza kuushika, na kufikia ubeti wa pili wanauitikia wenyewe. Wakishaitikia, kilio kinapata mahali pa kupita.

Beti nne hadi saba zinatosha. Chini ya hapo watu hawajaingia, juu ya hapo wazee wameanza kuangalia jua.

Hatua ya nne: tunga kibwagizo kwanza

Tuseme marehemu ni bibi aliyekuwa akiuza vitumbua. Uliuliza, ukaambiwa: aliamka saa kumi za usiku, wajukuu walizungusha sinia mtaani, na ada zao za shule zilitoka humo. Kitu gani kimebaki kitupu? Jiko. Asubuhi ya leo ni ya kwanza ambayo halikuwashwa.

*Jiko lako limezima, Bibi nani atawasha?*

Hesabu: ji-ko-la-ko-li-me-zi-ma, nane. Bi-bi-na-ni-a-ta-wa-sha, nane. Kina cha kati ni -ma, cha mwisho ni -sha. Kabla ya kukubali kibwagizo chochote, jaribu kuandika pembeni maneno kumi ya kila kina. Kwa -ma nina huruma, salama, simama, kusoma, mapema, wima. Kwa -sha nina maisha, kutosha, kukesha, kushusha, kuchosha, pamoja na vitenzi vingi vya kufanyisha. Ghala limejaa. Ungechagua kina kama -dhi au -vu, ungekesha ukitafuta neno na usiku ndio huo unaisha.

Tazama pia kwamba ni swali, na linaulizwa kwa Bibi mwenyewe. Swali humwacha msikilizaji na kazi ya kufanya. Na swali hili litajibiwa, lakini si sasa.

Hatua ya tano: ubeti kwa ubeti

Ubeti wa kwanza unatoa habari. Wapo wanaopenda kuanza kwa kuomba ruhusa na kumtaja Mola, na hilo ni jambo jema ukiwa na beti saba. Ukiwa na nne, nenda moja kwa moja:

*Ijumaa ya mapema, ukelele ulitisha,*
*Jirani walisimama, ndoo chini wakashusha,*
*Bibi yetu amezama, usingizi usoisha,*
*Jiko lako limezima, Bibi nani atawasha?*

Ndoo zile ndizo zinazobeba ubeti. Watu wa mtaa wanaijua saa ya kuteka maji; ukisema walishusha ndoo, wanajiona. "Usoisha" ni "usioisha" iliyofupishwa, inkisari ambayo ushairi unairuhusu ili mizani itoshe. Usiitumie zaidi ya mara moja mbili kwa ubeti, maana shairi la msibani lazima lieleweke mara moja tu likisomwa. Hakuna atakayekuomba urudie.

Ubeti wa pili unasifu, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Sifa haiji kwa kusema "alikuwa mchapakazi, mkarimu, mcha Mungu". Inakuja kwa kumwonyesha akifanya kazi:

*Saa kumi huinama, mafuta akichemsha,*
*Wajukuu wake nyuma, sinia tukizungusha,*
*Ada yetu ya kusoma, vitumbua vilitosha,*
*Jiko lako limezima, Bibi nani atawasha?*

Sikusema alikuwa na huruma wala bidii. Ada imesema yote mawili. Na ile hu- ya mazoea katika "huinama" nimeiweka kwa makusudi: inamrudisha jikoni kana kwamba kesho ataamka tena, halafu kibwagizo kinamwondoa. Ukitunga kwa ajili ya fundi cherehani, mtafute kwenye cherehani yake. Mvuvi, kwenye ngalawa na saa ya maji kupwa. Mwalimu, kwenye chaki iliyomtia vumbi mkono wa shati. Kama marehemu ni mtoto mchanga, hakuna kazi wala sifa ya kusimulia, na hapo nakushauri utunge beti mbili tu na zote ziwe za kuwaliwaza wazazi.

Ubeti wa tatu ni dua. Dua nayo imfuate mtu huyu, isiwe dua ya kila jeneza:

*Mola mwingi wa huruma, uliyempa maisha,*
*Mpe na makao mema, pasipo la kumchosha,*
*Nasi tulobaki wima, jina lake kudumisha,*
*Jiko lako limezima, Bibi nani atawasha?*

Aliyeamka saa kumi maisha yake yote anaombewa mahali pasipo la kumchosha. Mwanawe akisikia hivyo, anajua shairi ni la mama yake na si la mwingine.

Ubeti wa nne unatoa pole, unaaga, na unafunga. Hapa pana desturi ya zamani ya kutangaza mwisho kwa neno kaditamati, na mimi huifuata kwa sababu inawaandaa wasikilizaji. Pana pia desturi ya kubadili mshororo wa mwisho wa shairi zima. Swali la kibwagizo lilikuwa linangoja hapa:

*Kaditamati nakoma, machozi nikidondosha,*
*Shangazi, baba na mama, poleni mliokesha,*
*Bibi, nenda kwa salama, sinia umelishusha,*
*Jiko lako limezima, wajukuu tutawasha.*

Utao umebadilika na swali limepata jibu. Lakini ahadi ya namna hii usiiweke mdomoni mwa watu bila kuwauliza. Piga simu: "Mko radhi niseme mtaliwasha jiko?" Wakisita, bakiza swali hadi mwisho. Shairi lenye ahadi ya uongo litawasuta kila wakipita pale jikoni.

Hatua ya sita: pima kwa mdomo

Ukimaliza, weka karatasi chini na useme shairi kwa sauti huku ukigonga meza kwa kila mizani. Vidole vinaongopa, ulimi hauongopi. Kumbuka kuwa m na n zinazosimama peke yake, na konsonanti zisizofuatwa na irabu katika maneno ya mkopo, nazo ni mizani kamili. "Akichemsha" ni a-ki-che-m-sha, tano. "Mpe" ni mbili. "Alfajiri" ni tano. Lakini "mb", "nd", "ng" na "mw" katika maneno kama "vitumbua", "nenda", "shangazi" na "mwingi" haziongezi chochote.

Pale mizani inapopelea, ongeza herufi kwa njia ya mazida ukipenda, ila mimi naona ni afadhali kubadili neno zima. Msikilizaji aliyekesha hana subira ya neno lililovutwa kama mpira. Neno la kina nalo usilirudie ndani ya beti kwa uvivu: "atawasha" liko kwenye kibwagizo, kwa hiyo sikuliweka popote pengine mpaka lilipobadilika mwishoni.

Hatua ya saba: mpelekee mtu wa dini

Hili wengi huliruka na kisha hulijutia. Nyumba ya Waislamu ina mipaka yake. Kulia kwa mayowe, kujipiga na kuchana nguo kunakatazwa, na wapo masheikh wanaoona ushairi unaochochea kilio hicho uko karibu na katazo. Kulia kwenyewe hakukatazwi. Mtume, alipofiwa na mwanawe Ibrahim, alisema kwa maana hii: macho hutoka machozi na moyo huhuzunika, wala hatusemi ila linalomridhisha Mola wetu. Kwangu hiyo ndiyo kipimo cha tanzia: machozi ruhusa, manung'uniko hapana. Kwa hiyo usiandike "kifo huna huruma", "mbona umemchukua yeye", wala "sasa nani atatulisha" kana kwamba riziki ilikuwa mikononi mwa marehemu. Katika shairi letu, kwa nyumba iliyo kali juu ya jambo hili, mshororo wa kwanza ningeubadili hivi: *Ijumaa ya mapema, habari zilitutisha*. Mizani ni ile ile, ukelele haupo.

Kwa Wakristo, maneno ya Ayubu kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa ni msingi unaokubalika na kila mtu, na ni vyema dua ikaelekea kwenye tumaini la ufufuo. Muulize mchungaji au padre shairi litasomwa wakati gani. Mara nyingi nafasi yake ni kwenye salamu za rambirambi, si katikati ya ibada.

Hatua ya nane: mahali, saa na sauti

Kwa mazishi ya Kiislamu hapa pwani, fikiria sana kuhusu mahali. Kwa kawaida wanawake hawaendi makaburini. Ukisoma shairi kaburini, mabinti wa marehemu, ambao pengine ndio waliokuomba, hawatalisikia. Na mazishi yenyewe hufanywa haraka, watu wako mbioni kati ya kuosha, kukafini na swala. Mimi hupendelea lisomwe nyumbani siku ya tatu, baada ya khitma, watu wakiwa wameketi. Bara, ambako jeneza hukaa uani chini ya mahema na kuna ratiba iliyochapwa na mshereheshaji, omba nafasi kabla ya wasifu wa marehemu kusomwa. Baada ya wasifu na hotuba sita, masikio yamechoka.

Chagua msomaji kabla ya kulala. Mfiwa wa karibu asisome peke yake, hata akisisitiza. Akitaka sana, msimamishe mtu wa pili pembeni mwenye nakala, wa kupokea pale sauti itakapokatika. Itakatika.

Mahadhi yawe ya taratibu, karibu na kusema kuliko kuimba. Kama hujui kughani, soma tu, ukipumzika kidogo baada ya ukwapi na zaidi baada ya utao. Kibwagizo cha kwanza kiseme mara mbili ili watu wakishike. Cha pili waachie nusu: sema "Jiko lako limezima" kisha nyamaza. Watamaliza wenyewe. Usiogope ukimya wa sekunde tano wala usiujaze kwa maneno ya kuwatia moyo. Wanatafuta sauti zao. Na kwenye ubeti wa mwisho, inua mkono kidogo kuwaashiria wasiitikie, kwa sababu mshororo umebadilika na ni wako kuusema.

Kipaza sauti kiwe mbali kidogo na kinywa. Pumzi yako ikivuma kwenye spika, inafanana sana na kwikwi, na itawaliza watu kwa sababu isiyo yako.

Baada ya matanga

Shairi likishasomwa, si lako tena. Usilitume kwenye makundi ya simu kabla ya wafiwa kukubali, wala usiweke picha ya marehemu juu yake kwa hiari yako. Wakitaka lichapwe gazetini, kwenye kurasa za mashairi ambazo wasomaji wa Kiswahili wamekuwa wakizipelekea tungo zao tangu enzi za jarida la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, waachie waamue jina la mtunzi liwe lako au la ukoo. Malipo usiyataje. Wakikupa kitu, pokea kwa mikono miwili na useme "Mola awalipe".

Mimi huandika nakala moja kwa mkono, kwa wino, mwandiko wa polepole, na kuipeleka matanga yakishaanuliwa, wageni wameondoka na nyumba imekuwa kimya. Naikabidhi kwa yule aliyenipigia simu. Nyumba moja wameibandika ukutani jikoni, juu ya mafiga, imeshaanza kuingia moshi pembeni, na mjukuu aliye darasa la nne huisoma kwa sauti wakati mafuta yanapata moto.